Uzito wa kempa ya pikapu

Kempa ya pikapu ni chumba cha kusafiria kinachopakiwa kwenye bodi ya nyuma ya pikapu na kufungwa hapo kwa minyororo au vifungio vya chuma. Ndani yake huwa na kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, friji ndogo na pengine choo. Tofauti na karavani, kempa haivutwi wala haina magurudumu yake. Uzito wake wote hubebwa na springi, ekseli, breki na matairi ya pikapu yenyewe. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuangalia kabla ya kuinunua si ukubwa wa kitanda wala uzuri wa jiko, bali kama gari lililopo linaweza kuibeba.

Kempa za aina hii zilienea hasa Marekani na Kanada baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwandishi John Steinbeck alizunguka Marekani mwaka 1960 kwa pikapu ya GMC iliyobeba kempa, akaipa jina Rocinante kama farasi wa Don Quixote. Gari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya mwandishi huyo mjini Salinas, California. Kempa za siku hizi hutofautiana sana. Nyepesi, zenye paa la turubai linaloinuliwa wakati wa kulala, huweza kuwa na uzito chini ya kilo 500. Kubwa zenye kuta ngumu, bafu na sehemu za ubavuni zinazosukumwa nje huweza kupita kilo 1,800 kabla ya kuwekwa hata kijiko.

Jina la gari si uwezo wake

Huko Amerika ya Kaskazini pikapu huitwa kwa madaraja ya zamani: ya nusu tani, ya robo tatu ya tani na ya tani moja. Majina haya yalitokana na mzigo ambao magari ya zamani yaliweza kubeba, lakini leo yamebaki majina tu. Ford F-150 au Ram 1500 huhesabiwa kuwa za nusu tani, F-250 na Ram 2500 za robo tatu, F-350 na Ram 3500 za tani moja. Gari la "tani moja" lenye matairi mawili kila upande wa nyuma linaweza kubeba zaidi ya tani mbili, na la "nusu tani" mara nyingi hubeba zaidi ya kilo 500. Anayenunua kempa kwa kufuata jina la daraja amekosea tangu mwanzo.

Hata magari mawili ya modeli moja na mwaka mmoja hayalingani. Kila gari lina kikomo cha uzito wa jumla, yaani uzito wa juu kabisa linaoruhusiwa kuwa nao pamoja na mafuta, watu na mizigo. Katika vibandiko vya Marekani kikomo hiki huandikwa kwa kifupi GVWR. Uwezo wa kubeba ni kile kinachobaki baada ya kutoa uzito wa gari lenyewe. Kwa hiyo kila kinachoongeza uzito wa gari hupunguza uwezo huo: kabini yenye milango minne, mfumo wa kuendesha magurudumu yote, ngao ya mbele, winchi, hata viti vizito. Injini ya dizeli ya pikapu kubwa mara nyingi huongeza zaidi ya kilo 200 ikilinganishwa na ya petroli. Matokeo yake huwashangaza wengi: pikapu yenye injini yenye nguvu zaidi inaweza kuwa na uwezo mdogo zaidi wa kubeba. Injini inaonyesha gari linaweza kuvuta nini, lakini haisemi springi na matairi yake yanaweza kustahimili nini.

Pikapu nyingi za robo tatu ya tani zimewekewa kikomo cha jumla cha kilo 4,536, yaani pauni 10,000. Namba hiyo ni mpaka unaotumika katika kanuni kadhaa za Marekani, na waundaji hukaa chini yake kwa makusudi. Gari la namna hii likiwa na dizeli na kabini kubwa, uwezo unaobaki kwenye karatasi unaweza kukaribia ule wa pikapu ndogo zaidi.

Kusoma vibandiko

Uwezo halisi wa gari husomwa kwenye gari lenyewe. Katika pikapu za Marekani zenye kikomo kisichozidi kilo 4,536 kuna kibandiko cha matairi na mzigo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kinataja uzito ambao watu na mizigo kwa pamoja wasiuzidi. Dereva naye amo katika hesabu hiyo, lakini tangi la mafuta lililojaa limekwisha kuhesabiwa kama sehemu ya gari. Nchi za Umoja wa Ulaya huhesabu kwa njia tofauti kidogo: uzito wa gari lililo tayari kusafiri hujumlisha dereva wa kilo 75 na mafuta asilimia 90 ya tangi. Anayelinganisha karatasi za mabara mawili anapaswa kulijua hilo.

Kibandiko cha pili hutaja kikomo cha uzito wa jumla na kikomo cha kila ekseli, mbele na nyuma. Hivi ni vikomo vitatu, na gari linapaswa kuwa ndani ya vyote kwa wakati mmoja.

Sheria ya Marekani ina kanuni maalumu ya kempa, namba 575.103. Inamtaka muundaji wa pikapu inayofaa kubeba kempa kutoa taarifa mbili: kiasi cha mzigo, na eneo ambamo kitovu cha uzito wa mzigo huo kinapaswa kuangukia. Kiasi hicho cha mzigo hutolewa baada ya kutenga kilo 68 kwa kila kiti, hivyo huwa kidogo kuliko namba ya mlangoni, na mtu asitoe uzito wa abiria mara ya pili. Baadhi ya waundaji huandika wazi katika kitabu cha gari kwamba modeli fulani haifai kubeba kempa kabisa. Ni sentensi fupi, mara nyingi imefichwa katikati ya kurasa nyingi, na inafaa kutafutwa kabla ya kulipa.

Uzito mkavu na uzito wa safari

Tatizo kubwa zaidi liko upande wa kempa. Vipeperushi vya wauzaji hutaja uzito mkavu, yaani kempa ikiwa haina maji, gesi wala chakula, na mara nyingi bila vifaa vya ziada kama kiyoyozi. Hakuna anayesafiri na kempa ya namna hiyo. Kibandiko kinachotakiwa na kanuni iliyotajwa ni cha kweli zaidi, kwa sababu kinataja uzito pamoja na maji, gesi na friji. Lakini hata hicho hakijumlishi mizigo ya wenyewe.

Chukua mfano wa kubuni wa pikapu ya nusu tani ambayo kibandiko chake kinaruhusu kilo 800, na kempa yenye uzito mkavu wa kilo 750. Kwa macho ya haraka inafaa, na kilo 50 zinabaki. Maji lita 110 ni kilo 110. Mitungi miwili ya gesi, kila mmoja wenye kilo 9 za gesi na karibu kilo 8 za chuma, ni kilo 34. Betri ya ziada ni kilo 25, kiyoyozi cha juu ya paa kilo 40, vifungio kilo 30. Chakula, vyombo, matandiko, nguo na zana, kwa makadirio ya wastani, ni kilo 160. Watu wawili ni kilo 150. Jumla inafika kilo 1,299, karibu kilo 500 juu ya kikomo. Hakuna kitu cha anasa katika orodha hiyo. Kama wasafiri wanavuta na trela, uzito unaogandamiza ndoano ya kuvutia, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, nao huhesabiwa kama mzigo wa pikapu.

Mahali uzito unapokaa

Jumla ikiwa sawa, bado kuna swali la mahali. Kitovu cha uzito wa kempa kinapaswa kuwa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Kikiwa nyuma yake, kempa hufanya kazi kama mtaimbo: ekseli ya nyuma inakuwa egemeo na magurudumu ya mbele yananyanyuliwa. Usukani huwa mwepesi, breki za mbele hupoteza mshiko, na ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya uzito wa kempa yenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme pikapu ina mita 4 kati ya ekseli mbili, na vikomo vya kilo 5,200 kwa jumla, 2,400 mbele na 2,850 nyuma. Ikiwa na watu na mafuta, bila kempa, ina kilo 1,950 mbele na 1,350 nyuma. Kempa iliyojaa ina kilo 1,400. Kitovu chake kikiwa sentimita 20 mbele ya ekseli ya nyuma, sehemu ya 0.2 kwa 4 ya uzito huo, yaani kilo 70, huenda mbele, na kilo 1,330 hubaki nyuma. Gari linasomeka 2,020 mbele na 2,680 nyuma. Vikomo vyote vimezingatiwa.

Kempa hiyohiyo ikisogea hadi kitovu kiwe sentimita 40 nyuma ya ekseli, mbele panapungua kilo 140 na nyuma panaongezeka kilo 1,540. Jumla ya gari bado ni kilo 4,700, chini ya kikomo kwa kilo 500. Lakini ekseli ya nyuma sasa ina kilo 2,890 na imezidi. Dereva aliyeangalia jumla peke yake hataliona hilo.

Kosa hili hutokea hasa kempa iliyoundwa kwa bodi ndefu ya mita 2.4 inapowekwa kwenye pikapu yenye bodi fupi ya mita 2. Kempa inaingia, inafungwa, na inaonekana imekaa vizuri. Tofauti yote imekwenda nyuma. Tangi la maji lililo upande wa nyuma huongeza tatizo, na linapokwisha maji safarini kitovu husogea tena.

Matairi, springi na breki

Sehemu inayoshindwa mapema mara nyingi ni tairi. Ubavuni pake kuna namba ya uwezo. Kwa mfano, 121 maana yake ni kilo 1,450 kwa tairi moja likiwa na upepo uliopangwa. Matairi mawili ya namba hiyo hubeba kilo 2,900, na ekseli ya mfano wa pili hapo juu ingebakiza kilo 10 tu. Tairi lililozidiwa au lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila mzunguko, hupata joto, na tabaka zake huanza kuachana. Kwa kawaida hupasuka kwenye mwendo kasi siku ya jua kali.

Madukani huuzwa mifuko ya hewa na springi za nyongeza zinazonyanyua sehemu ya nyuma iliyolala. Zina faida yake: gari husimama sawa, taa hazimuliki angani, na kuyumba hupungua. Lakini hazibadilishi kikomo kilichoandikwa na muundaji, kwa kuwa ekseli, beringi, rimu, breki na chasisi ni zilezile. Gari lililozidishwa likinyanyuliwa kwa hewa linaonekana salama bila kuwa salama, na pengine hiyo ndiyo hatari yake kubwa zaidi. Uzito unaoning'inia mbali nyuma ya ekseli, barabara ikiwa na mashimo, unaweza hata kukunja chasisi.

Breki nazo hufanya kazi zaidi kwa kiwango kilekile uzito unavyoongezeka, jambo linaloonekana hasa kwenye miteremko mirefu. Isitoshe, kempa ya kuta ngumu hufikisha gari kimo cha mita 3 au zaidi. Upepo wa ubavuni na kona za ghafla huiinamisha kuliko dereva wa pikapu tupu alivyozoea.

Kupima

Makadirio yote hayo hukamilishwa na mizani. Gari hupimwa mara mbili, bila kempa na likiwa na kempa iliyojaa kama siku ya safari, na kila ekseli husomwa peke yake. Nchini Marekani vituo vya mafuta vya malori huwa na mizani za kulipia zenye majukwaa tofauti kwa kila kundi la ekseli, na dereva huondoka na karatasi yenye namba zake.

Huko Ulaya kuna mpaka mwingine: leseni ya daraja B huruhusu kwa kawaida gari lenye kikomo cha kilo 3,500, hivyo kempa zinazotengenezwa huko huwa nyepesi kuliko za Marekani.

Katika Afrika ya Mashariki kempa za kuta ngumu ni nadra. Kinachoonekana zaidi kwenye safari za mbugani ni Hilux na Land Cruiser zenye hema juu ya paa, pamoja na madumu ya maji na mafuta, matairi ya akiba na friji. Kanuni ya kujumlisha ni ileile, ila paa la gari lina kikomo chake pekee, kidogo sana kuliko cha bodi, na barabara za makorongo na matuta hugandamiza springi kuliko lami. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari ya kilo 3,500 na kuendelea. Pikapu nyingi za kawaida hupita mizani za barabara kuu bila kulazimika kupimwa, na mwenye gari hubaki na kazi ya kutafuta mizani mwenyewe, kwa mfano kwenye machimbo ya kokoto au maghala ya nafaka.