Sukari 6.2 Kwenye Saa: Namba za Vifaa vya Mkononi na Nasaba Zake

Mgonjwa wa kisukari anaingia katika chumba cha kliniki, na kabla hajaulizwa chochote anapandisha mkono wa shati na kumwonyesha muuguzi saa yake mpya. Kioo kinang'aa: mapigo ya moyo 78, oksijeni 98, presha 124 kwa 79, sukari 6.2. Anaeleza kwamba ni wiki ya tatu sasa hajajichoma kidole. Vijiti vya kupimia ni ghali, na saa aliyoletewa na mwanawe inampa majibu yote bila tone la damu. Muuguzi anamwomba kidole hata hivyo. Glukometa inasoma 15.4.

Kisa hiki ni cha mfano, ila mhudumu yeyote wa kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza ataitambua sura yake. Simu janja na saa janja zimeacha kuwa vyombo vya mawasiliano tu. Kila toleo jipya huja na vihisi zaidi, na watengenezaji wanashindana kuugeuza mkono wa mtu kuwa maabara. Taabu ni kwamba namba zile nne zimeandikwa kwa hati moja, rangi moja na ukubwa mmoja, ilhali nasaba zake ni tofauti kabisa. Moja inaaminika, mbili zinahitaji tahadhari, na ya nne haina msingi.

Inayoaminika ni ya mapigo ya moyo. Nyuma ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi za kijani, na kando yake kihisi cha mwanga. Moyo unapodunda, damu hujaa katika mishipa midogo ya ngozi na kufyonza mwanga mwingi zaidi; kati ya pigo na pigo damu hupungua, na mwanga unaorudi huongezeka. Kihisi huhesabu kupanda na kushuka huko. Simu ya kawaida nayo inaweza kazi hiyo: ncha ya kidole ikifunika kamera ya nyuma pamoja na taa yake, picha nyekundu inayoonekana hukolea na kupauka kwa kufuata mapigo. Mtu akiwa ametulia, hesabu hiyo hukaribia sana ile ya muuguzi aliyeshika kifundo cha mkono. Akitembea, akiwa na baridi, akiwa amelegeza mkanda au ana chale za wino mahali saa inapokaa, makosa huongezeka.

Kutokana na mapigo, wahandisi walisogea hadi kwenye mpangilio wake. Mwaka 2018 saa ya Apple iliruhusiwa nchini Marekani kuchora elektrokadiogramu ya njia moja: mvaaji hugusa kitufe cha saa kwa kidole cha mkono wa pili, na umeme wa moyo husomwa kati ya mkono na mkono. Kinachotafutwa hasa ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, hali ambayo damu hutuama, huganda, na bonge likisafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford na kuchapishwa mwaka 2019 uliandikisha watu 419,297 waliovaa saa hizo. Waliopewa tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa 2,161, yaani 0.52 kwa mia. Miongoni mwa waliovaa baadaye kibandiko cha kurekodi moyo na kukirudisha kwa uchunguzi, asilimia 34 walikutwa na mtetemo huo.

Theluthi moja inaweza kuonekana haba, lakini mtetemo huu huja na kuondoka, na kibandiko kilivaliwa siku chache tu, tena baada ya tahadhari kupita. Kwa mtabibu, tahadhari ya saa ni sababu ya kuagiza elektrokadiogramu kamili. Haitoshi kuanzisha dawa ya kuzuia damu kuganda. Katika Afrika Mashariki kuna jambo la ziada ambalo takwimu za Marekani haziligusi. Huku homa ya rumatiki bado inaharibu vali za moyo za vijana, na vali iliyosinyaa ni chanzo kinachojulikana cha mtetemo huo. Kijana wa miaka 25 anayefika na tahadhari ya saa asirudishwe nyumbani kwa kuambiwa kwamba umri wake ni mdogo. Kifua chake kisikilizwe kwanza.

Namba ya oksijeni inadai maelezo zaidi, kwa sababu makosa yake huwaangukia watu wa rangi fulani kuliko wengine. Wazo la msingi lilitoka kwa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970: himoglobini iliyobeba oksijeni hufyonza mwanga mwekundu na wa infraredi kwa kiwango tofauti na ile isiyobeba, hivyo ukilinganisha mianga miwili katika damu inayodunda unapata asilimia. Kwenye ncha ya kidole, mahali ambapo mwanga hupenya upande hadi upande, njia hii imeokoa maisha mengi katika vyumba vya upasuaji. Ila mwanga hupita kwanza kwenye melanini. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha vipimo vya kidole na damu ya ateri. Pale kifaa kiliposoma kati ya 92 na 96, damu ya ateri ilikuwa na chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali. Saa hutegemea mwanga unaorudi kutoka kwenye kifundo cha mkono, mahali ambapo mdundo ni dhaifu zaidi. Mtoto anayehema kwa kasi na kuvuta mbavu ndani ni mgonjwa mahututi hata kama kioo cha saa kinaonyesha 97.

Presha nayo ina siri ambayo matangazo huiandika kwa herufi ndogo. Saa nyingi hazipimi shinikizo la damu. Hukisia kutokana na umbo la wimbi la mapigo. Mfumo wa Samsung, kwa mfano, humtaka mvaaji aisawazishe saa kwa kipimo halisi cha mkanda kila baada ya wiki nne, la sivyo makadirio hayana pa kuegemea. Huawei walitengeneza saa yenye mkanda unaojazwa hewa, ambayo kwa hiyo hubana mshipa kweli. Apple nao, mwaka 2025, walichagua njia ya unyenyekevu: saa yao huchunguza mwenendo wa siku 30, haitoi namba yoyote, na ikishuku humshauri mvaaji atafute mkanda apime. Unyenyekevu huo unafaa kuigwa. Saa ya bei ya chini inayotangaza 124 kwa 79 bila kusawazishwa wala kubana chochote haifai kupewa nafasi kwenye faili la mgonjwa.

Inabaki sukari.

Lita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina zaidi ya gramu 120 za himoglobini, nayo ina rangi nyekundu iliyokolea. Lita hiyohiyo ina takriban gramu 1 tu ya glukosi, nayo haina rangi. Taa ya saa inaiona himoglobini kama mtu anavyoliona kanga jekundu kwenye kamba. Kuitafuta glukosi katikati ya maji, mafuta na protini ni sawa na kutambua kwa macho kama chai imetiwa kijiko kimoja cha sukari au viwili. Watafiti wamejaribu leza, mawimbi ya redio na jasho kwa miongo kadhaa. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha saa iliyoitwa GlucoWatch, iliyovuta umajimaji kupitia ngozi kwa mkondo mdogo wa umeme. Ilichubua ngozi za watumiaji, haikuondoa haja ya kuchoma kidole, na hatimaye ikatoweka sokoni. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kwa umma: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na watu wasivitumie vifaa vinavyodai hivyo.

Saa za namna hiyo zinauzwa mitandaoni na madukani, zikiwa na majina mengi na sanduku zuri. Zinachoonyesha ni namba ya kukisia, mara nyingi iliyo karibu na ile ambayo mtu mwenye afya angekuwa nayo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani namba ya kupendeza haimshtui mtu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiamini 6.2 akaacha insulini, asidi hujaa mwilini ndani ya siku chache na anaweza kufa. Mwingine akiona 14 isiyokuwapo, akajidunga insulini ya ziada, sukari yake huweza kushuka chini ya 3.9 na kuendelea kushuka hadi degedege na kupoteza fahamu.

Isieleweke hata hivyo kwamba kila namba ya sukari kwenye saa ni ya uongo. Vipo vihisi vya kweli vya kupima sukari mfululizo: uzi mwembamba huingia chini ya ngozi ya mkono wa juu au tumbo, hukaa kwa takriban wiki mbili, hupima sukari katika umajimaji ulio kati ya seli na kupeleka majibu kwenye simu, kisha saa. Majibu yake huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, lakini ni kipimo halali, na kwa wazazi wa watoto wenye kisukari kimebadilisha usiku kucha wa wasiwasi. Bei yake bado iko mbali na uwezo wa wengi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mgonjwa ni fupi: kihisi kimeingia wapi mwilini? Akijibu kwamba hakuna kilichoingia popote, hakuna kipimo cha sukari.

Simu imefanya makubwa zaidi katika tiba pale ilipoacha kujidai daktari. Katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, walimu wa shule 25 walifundishwa kupima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek, huku shule nyingine 25 zikitumia kadi ya kawaida. Jumla ya watoto walipita 20,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya watoto waliopewa rufaa, asilimia 54 walifika hospitali katika kundi la simu, dhidi ya 22 katika kundi la kadi. Tofauti haikutokana na ukali wa kioo cha simu. Mzazi alipelekewa ujumbe mfupi wa kumkumbusha, na alionyeshwa picha ya namna mwanawe anavyouona ubao. Vivyo hivyo, kifaa cha altrasaundi kinachochomekwa kwenye simu, kinachotumia chipu ya silikoni badala ya fuwele za zamani, kimeshuka ukubwa hadi kuenea mfukoni. Lakini picha ya kondo la nyuma lililokaa vibaya haimsaidii mama ambaye hana gari la kumfikisha kwenye upasuaji.

Muuguzi wa kliniki ameandika 15.4 kwenye daftari. Hagombi. Anauliza: tangu saa hii ifike, ni dawa gani imepunguzwa? Mgonjwa anasita, kisha anasema ameacha metformini ya jioni kwa wiki mbili, maana asubuhi saa ilikuwa ikisema sita. Anarudishiwa dozi yake, wanapanga siku mbili za juma ambazo atachoma kidole ili vijiti vichache vitoshe mwezi, na tarehe ya kurudi inaletwa karibu. Saa anaondoka nayo mkononi. Muuguzi amemwonyesha namna ya kuificha sehemu ya sukari kwenye kioo na kubakiza mapigo ya moyo.