Mzigo Uvuke, Mtu Asubiri: Fiqhi ya Biashara ya Mipakani Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

 

Mwaka 2020, baada ya darsa ya alasiri huko Muleba, mama mmoja muuza dagaa aliniuliza swali ambalo sikulijibu siku ile. Alikuwa na kawaida ya kupeleka dagaa Uganda kwa njia ya Mutukula na kurudi na bidhaa za dukani. Mpaka ulipofungwa kwa wapita njia, baadhi ya wenzake walianza kuvuka usiku kwa njia za panya. Akasema: "Shehe, watoto wanataka kula. Nikipita huko porini, fedha nitakayoipata ni halali au haramu?" Nikamwomba anipe siku chache nirejee vitabuni. Makala haya yana jibu nililompa, na ziada niliyoiona ni muhimu baada ya maradhi mengine kutufikia mlangoni.

YALIYOTOKEA MIPAKANI

Mkoa wetu wa Kagera unapakana na nchi tatu: Uganda, Rwanda na Burundi. Mutukula, wilayani Missenyi, ndio mlango wa Uganda. Rusumo na Kabanga, wilayani Ngara, ni milango ya Rwanda na Burundi. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa Korona ni janga la dunia nzima, haukupita mwezi ila Uganda na Rwanda zilikuwa zimefunga mipaka yao kwa abiria. Tanzania haikufunga mipaka yake ya nchi kavu. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, na mwezi Aprili 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikatoa mwongozo wa kurahisisha upitishaji wa bidhaa.

Pamoja na hayo, dhiki ilikuwepo. Madereva walipimwa na kusubiri majibu, foleni zikawa ndefu, na huko Rusumo sharti la kubadilisha madereva mpakani lilizusha malalamiko hata serikali mbili zikakaa kuzungumza mwezi Mei. Lakini mwenye lori angalau alikuwa na mlango. Aliyekosa mlango ni mfanyabiashara mdogo, yule ambaye mzigo wake ni gunia moja na yeye mwenyewe ndiye gari lake. Kwake yeye, kumzuia mtu ilikuwa ni kuuzuia mzigo. Hapa ndipo swali la yule mama linapoanzia.

ASILI YA HUKUMU: SARGH

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alitoka kwenda Sham, mwaka wa 17 au 18 Hijria. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kuwa tauni imeingia Sham. Aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureishi waliohajiri wakati wa Ufunguzi wa Makka, nao wakakubaliana kwa kauli moja kuwa arejee na watu. Abu Ubayda (r.a.) alipouliza kama huko si kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kuwa wanatoka katika kadari na kuingia katika kadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliye kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina malisho na moja kavu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.): yakisikika maradhi hayo katika nchi isiingiwe, na yakitokea katika nchi ambayo watu wamo wasitoke kwa kuyakimbia.

Ndugu msomaji, litazame vizuri neno hili la kukimbia. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa kutoka kwa haja nyingine isiyokuwa kukimbia kunajuzu. Kwa hiyo safari ya biashara si haramu kwa dhati yake. Lakini iko hadithi nyingine, nayo inagusa mali moja kwa moja: Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima. Na iko kaida kubwa ya kutodhuru wala kudhuriana. Ukizikusanya dalili hizi utaona kuwa kinachozuiwa ni kupeleka madhara, na kwamba riziki haikukusudiwa kukatwa.

Wala tusidhani tauni ni habari za Sham peke yake. Mwaka 1898 mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, hapa hapa kaskazini mwa Bukoba, ni tauni.

CHAKULA HAKIKUKATWA

Mwaka wa 18 Hijria ndio mwaka wa tauni ya Amwas, iliyomwua Abu Ubayda mwenyewe. Na katika mwaka huo, kwa mapokezi ya wanahistoria akiwemo Tabari, Hijazi ilipatwa na ukame mkali ulioitwa Mwaka wa Ramada, yaani mwaka wa majivu. Sayyidna Umar aliwaandikia viongozi wa miji waisaidie Madina, na wa kwanza kufika alikuwa Abu Ubayda, na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Hatusemi kuwa msafara ule ulitoka katikati ya tauni, kwani mpangilio wa miezi ya matukio hayo una khitilafu. Tunasema tu kwamba kiongozi yule yule aliyegeuza watu Sargh ndiye aliyefungua njia ya chakula. Mambo hayo mawili hayakugongana katika siasa yake.

Katika Suratu Quraysh, Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureishi safari zao za biashara za kusi na kaskazi, kisha anawatajia neema mbili pamoja: kulishwa baada ya njaa na kupewa amani baada ya khofu. Mwenye kutafuta chakula kwa kuvunja amani ya watu amepoteza moja, na mwenye kulinda amani kwa kuwaacha watu na njaa amepoteza nyingine.

JIBU LA SWALI

Kwanza, kuvuka kwa njia za panya wakati wa maradhi ni dhambi. Mwenye kuingia nchi ya watu amefungwa na masharti yao, na sharti lililowekwa kulinda roho ni zito zaidi. Zaidi ya hayo, anayepita porini hapimwi, na akiugua hajulikani amegusana na nani.

Pili, fedha ya mauzo yenyewe. Maulamaa wametofautisha katazo linalohusu kitu chenyewe, kama kuuza pombe, na katazo linalohusu jambo la nje ya mauzo. Mfano wake ni kuuza wakati wa adhana ya Ijumaa. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi mauzo hayo ni sahihi na mwenye kuuza ana dhambi. Wamaliki na Wahanbali wanaona yamebatilika. Dagaa ni halali na mnunuzi karidhia, basi kwa kiasi cha Kishafi mali ni yake, na dhambi ya njia inabaki shingoni mwake mpaka atubie. Nilimwambia yule mama asiitupe fedha aliyokwisha kuipata, na asirudi tena porini.

Tatu, alistahiki kuonyeshwa mlango, maana mufti anayefunga njia ya haramu hana budi kuonyesha ya halali. Na mlango upo, nao ni wakala.

WAKALA: MZIGO UVUKE

Wafanyabiashara kumi wakikusanya magunia yao katika gari moja, wakamwakilisha mtu mmoja aliyepimwa avuke kwa niaba yao, mizigo kumi imepita na mtu mmoja tu amevuka. Wafanyabiashara wadogo wa Goma na Rubavu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, walitumia njia ya kukusanya mizigo namna hii siku za Korona. Sheria ina hukumu zake:

1. Wakala ni mtu wa amana. Mali ikiharibika bila uzembe wala kuvuka mipaka aliyowekewa, halipi, akizembea, analipa.

2. Ujira wake ujulikane kabla ya safari. Akiambiwa "utakachokipata zaidi ni chako", huo ni ujira usiojulikana na mlango wa ugomvi.

3. Kila mzigo uandikwe kwa jina la mwenyewe, uzito na bei ya chini, na mashahidi wawepo, kwa kufuata mafunzo ya Suratul Baqara aya ya 282.

4. Bidhaa zisichanganywe bila ridhaa. Zikichanganywa kwa ridhaa hiyo ni shirika, na faida na hasara hufuata kiasi cha mtaji.

Inafaa wajue pia kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi wa cheti cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Wengi wanaokimbilia porini hawajui kuwa lango lina njia yao.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mfanyabiashara asighushi cheti cha kipimo. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la chakula akakuta chini yake pamelowa, akamkana mwenye kughushi, basi vipi anayeficha maradhi? Wala asihodhi bidhaa wakati wa dhiki, kwani mwenye kuhodhi ametajwa katika Sahihi Muslim kuwa ni mkosa. Na wale wanaomvizia mkulima kabla hajafika sokoni, wakamwambia mpaka umefungwa hivyo auze kwa bei ya kutupa, wameingia katika katazo la kuipokea misafara njiani. Karibu na hao ni wenye kununua kahawa ingali mauani, tunayoiita butura. Dhiki ya njia ikifungwa humsukuma mkulima huko, na matunda ya mti maalumu hayauzwi kwa sharti la kubaki mtini kabla hayajaonyesha kukomaa.

Viongozi nao, kaida inasema kuwa uendeshaji wa mambo ya raia umefungamana na maslahi yao. Wakifunga, waache mlango wa mnyonge.

Maimamu wenzangu, sisi tuna sehemu yetu. Tarehe 21 Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1444, ilitangazwa kuwa maradhi ya Marburg yamo Bukoba Vijijini. Waliougua ni tisa na waliofariki ni sita, mpaka yalipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Mwezi Januari 2025 yakarudi Biharamulo. Mara zote mbili Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zisizuie biashara na Tanzania. Maradhi haya yatakuja tena, na watu watatuuliza mimbarini kabla ya kuuliza ofisini. Mwalimu awe amekwisha kuwafundisha wakala, amana na uandishi wa deni wakati wa afya, ili siku lango likibanwa wajue pa kupita.

Mwaka uliofuata nilimkuta yule mama, wamekusanyika wanawake saba na daftari moja. Nilipolifungua nikaona kila gunia lina jina na mashahidi wawili.

Wallahu a'lam.