Mwewe Hana Hatia

Aliingia amembeba mbwa kifuani kwa kitenge, kama anayebeba mtoto wa miezi mitatu. Nyuma yake alikuja zamu, yaani mlinzi wa nyumbani kwake, kijana aliyevaa mabuti ya mpira, mkononi bakuli na mfuko wa chakula. Mbwa mwenyewe, jike wa kilo 2 na nusu, Chihuahua aliyechanganyika na kitu kingine, anaitwa Simba. Hapa Bujumbura nimewatibu Simba wengi, na sijui kwa nini jina hilo huwaangukia zaidi wale wasiofika hata gotini.

"Muganga, hali, hachezi, analala tu. Na nimemlinda kweli. Tangu afike kwangu hajatoka nje ya geti."

"Kwa nini hatoki, mama?"

"Mwewe. Kinindo wamejaa, wanazunguka juu ya paa tangu asubuhi. Usiku viboko wanapanda. Na ziwa lilivyofurika miaka hii, hata mamba hujui yuko wapi."

Nilimfunua mbwa mdomo. Fizi za mbwa mzima zina wekundu mwepesi. Ukizibonyeza kwa kidole zinakuwa nyeupe, na kabla ya sekunde 2 rangi inarudi. Za Simba zilikuwa nyeupe kabla sijazigusa. Joto lake lilikuwa nyuzi 40.6, wakati la kawaida kwa mbwa haliendi sana juu ya 39. Nilichoma ncha ya sikio, nikatandaza tone la damu kwenye kioo, nikalitia rangi na kuliweka chini ya hadubini. Ndani ya chembe nyekundu mlikuwa na vijidudu viwili viwili, umbo la tone la machozi, vimegusana kwa ncha. Hiyo ni babesia. Huingia na mate ya kupe, huzaliana ndani ya chembe za damu na kuzipasua, na mbwa huishiwa damu bila kuwa na jeraha lolote. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu iliyokolea, ujue zimepasuka nyingi.

Mwewe hakuwa na hatia yoyote katika habari hii. Mwewe wetu ana uzito wa kilo moja hivi, mara nyingi pungufu, na ndege hainuki na mzigo unaomzidi uzito. Kitoto cha mbwa cha wiki 4 kilichoachwa peke yake uwani, hapo nakubali, kiingizwe ndani. Mbwa wa kilo 2 na nusu atakwaruzwa au kutishwa, basi.

Kiboko na mamba ni hatari za kweli, lakini zina mahali pake na saa yake. Kiboko hutoka majini jua likizama kwenda kula majani, na wakazi wa mitaa ya Kibenga na Kinindo wamezoea kumkuta barabarani. Mamba hushambulia pale nchi kavu inapokutana na maji. Sote tumekua tukisimuliwa habari za Gustave, yule mamba wa mto Ruzizi ambaye Mfaransa Patrice Faye na wenzake walimtegea kizimba kikubwa cha chuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye akakataa kuingia. Simulizi hizo zimewaokoa watu, maana zimewafundisha wasicheze na ukingo wa mto. Kwa mbwa mdogo kanuni ni fupi: asikaribie maji wala matete bila kamba, na giza likiingia awe ndani. Anayefanya hivyo amekwisha kumaliza kazi yote kuhusu viboko na mamba, na hana haja ya kukesha akiwafikiria.

Mwaka 1987 Paul Slovic, mtafiti wa Kimarekani wa saikolojia, alieleza katika jarida la Science jinsi watu wanavyopima hatari: hatuhesabu mara ngapi jambo hutokea, tunatazama linavyotisha na kama tunaweza kulitawala. Mamba anatisha. Kupe haogopwi na mtu, anachukiza tu. Ndiyo maana naandika safu hii, kwa sababu huyu mama hakuwa mzembe. Alikuwa na bidii kuliko wateja wangu wengi, ila bidii yake yote ilikuwa imeelekea angani.

Aliamini pia kwamba kumfungia mbwa ndani ya uwanja wa nyumba ni kumkinga. Kupe wa mbwa wa rangi ya kahawia, anayepatikana karibu dunia nzima yenye joto, hahitaji msitu. Akishiba hujidondosha, hupanda ukuta, huingia kwenye ufa wa saruji au nyuma ya kabati, na huko jike mmoja hutaga mayai elfu kadhaa. Kizazi kizima kinaweza kukulia chini ya kitanda chako. Mbwa asiyetoka kabisa anaweza kuwa na kupe wengi kuliko anayetembezwa, kwa kuwa analala palepale wanapoanguliwa.

Ugonjwa wa parvo nao huletwa na kiatu. Virusi vyake vilienea duniani tangu 1978, na havifi kirahisi: kinyesi cha mbwa mgonjwa kikishakauka na kusahaulika, udongo ule unaweza kubaki na virusi kwa miezi mingi. Mgeni anakanyaga mtaani, anaingia sebuleni, kitoto kinalamba sakafu. Siku chache baadaye kinatapika na kuharisha damu. Sabuni ya kawaida haiviwezi; javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, ikichanganywa vizuri na maji inaviua. Kinachomkinga mbwa hasa ni chanjo, tena si moja. Kitoto huzaliwa na kunyonya kinga ya mama yake, na kinga hiyo, wakati ingali damuni, huifuta chanjo kabla haijafanya kazi. Hatujui itaisha siku gani kwa kila kitoto, kwa hiyo tunaanza wiki ya 6 au ya 8 na kurudia kila wiki 3 au 4 hadi apite wiki 16. Anayeniambia "alishachomwa moja" huwa amelipa pesa zake akaishia njiani.

Hapa ndipo kuna mzani wa kweli kati ya hofu na busara, na sitaki kuupita haraka. Mwaka 1965 John Paul Scott na John Fuller, baada ya miaka mingi ya kulea mbwa katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba mbwa ana dirisha fupi la kuizoea dunia. Hufunguka wiki ya 3 hivi, na kufikia wiki ya 12 linakuwa linafungwa. Alichokutana nacho bila kuumia katika wiki hizo hatakiogopa sana maishani. Asichokutana nacho, kama ni mtoto anayekimbia, bajaji, mwanamke aliyevaa buibui au mvua inayopiga bati, kinaweza kubaki kuwa adui. Sasa linganisha tarehe hizo. Dirisha linafungwa wiki ya 12, chanjo zinakamilika wiki ya 16. Ukisubiri usalama kamili, umelea mbwa mwoga. Na mbwa mdogo mwoga huuma. Tunamcheka kwa sababu ni mdogo, hadi siku anapomrarua mtoto wa jirani mdomo.

Madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama walitoa msimamo mwaka 2008: kitoto kianze kukutana na watu na mbwa wengine siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, mahali safi, bila kusubiri zote. Mimi hushauri hivyohivyo kwa namna ya kwetu. Kile kitenge cha yule mama ndicho chombo chenyewe, ila atoke nacho. Mbebe kitoto kifuani, simama naye karibu na soko, asikie adhana ya mtaa wa Buyenzi na kwaya ya Jumapili, pikipiki zipige kelele, watoto wamguse mgongo mmoja mmoja. Miguu yake isiguse udongo wa mtaani ambako mbwa wasiojulikana wamejisaidia. Mpeleke pia kwa rafiki mwenye mbwa aliyechanjwa. Majirani wasiopenda kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za dini, waheshimu. Mbwa atajifunza kwa kuwaona tu. Dakika 10 kwa siku zinatosha.

Jambo lingine ambalo mwenye mbwa mdogo anapaswa kulishika ni hesabu ya kugawanya. Chukua kidonge cha ibuprofeni cha miligramu 400, kile kile kilichomo kwenye mkoba wako. Kwa mtu wa kilo 60 ni chini ya miligramu 7 kwa kila kilo. Kwa mbwa wa kilo 2 ni 200, kiasi cha kuua figo. Kidonge ni kimoja, kimeanguka chini ya kochi, hakuna aliyekitafuta. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi huuzwa kwa asilimia 12.5 ili ichanganywe kwa ndoo. Nimeletewa Chihuahua aliyepakwa hiyo kwa pamba, "kidogo tu", akashindwa kusimama. Na hata amitrazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa huonywa isitumike kwa Chihuahua wala kwa vitoto chini ya miezi 4. Sumu ya panya, chokoleti ya mgeni kutoka Ubelgiji, kitunguu kilichobaki kwenye mchuzi: vyote vigawanye kwa kilo 2 kabla ya kusema ni kidogo. Mfupa pia. Mguu wa mbele wa mbwa hawa, karibu na kifundo, ni mwembamba kama penseli na damu haifiki vizuri pale, kwa hiyo kuruka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama kunatosha kuuvunja, na kupona ni kwa taabu. Mtoto amshike akiwa ameketi chini.

Kuhusu joto sisemi mengi. Mchana wa nyuzi 30, gari lililosimama juani hupita 45 ndani ya nusu saa, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Ukienda kupanga foleni ya mafuta, mbwa abaki nyumbani. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni, kwani koromeo la mbwa hawa ni dhaifu na kuvutwa huliumiza.

Halafu kichaa. Wenye mbwa wadogo hudhani ugonjwa huu ni wa mbwa wa mitaani. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kwa kuumwa na mbwa, na virusi havichagui urefu wa miguu. Chanjo huchomwa mbwa akifika miezi 3, kisha hurudiwa kadiri daktari atakavyoandika kwenye kadi. Umeme wetu ukikatika watu huuliza kama chanjo imeharibika. Swali zuri. Kwa ile ya kichaa kuna faraja: majaribio yaliyofanywa Tanzania na kuchapishwa 2016 yalionyesha kwamba aina mojawapo inayotumika sana ilibaki na nguvu baada ya miezi 3 katika nyuzi 30. Hiyo haimaanishi tuiache mezani, na chanjo ya parvo, ambayo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haina uvumilivu huo. Muulize anayekuchomea imetoka wapi. Akitoa kichupa mfukoni, ondoka. Na mtu akiumwa, hata na mbwa wa kilo 2, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kamili kwa saa, aende hospitali siku hiyohiyo, mbwa afungwe na kutazamwa siku 10. Asiuawe, maana akiuawa hatuwezi tena kumtazama tuone kama anaugua.

Simba alichomwa sindano ya babesia, akawekewa maji, akalala kwetu siku mbili. Siku ya tatu alikula. Walipokuja kumchukua nilimweka mezani nimwonyeshe mama jinsi ya kukagua kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkanda, chini ya mkia. Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kuminywa, wala asimwagiwe mafuta ya taa.

Zamu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake. Nilimwita asogee. Ndiye anayemlisha mbwa, anayemfungulia asubuhi, anayefunga geti, anayejua bajaji ya nani huingia kwa kasi. Akamgeuza Simba taratibu, akapitisha kidole gumba kati ya vidole vya mguu wa kushoto, akasimama.

"Hapa, Muganga. Hata wiki ile alikuwa na wengine hapahapa, nikawatoa wawili."

Mama akamtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia niangalie mwewe, mama."