Mpiga mbizi wa Fungu Kizimkazi

Mvuvi wa jodari akiwa maji makuu hatazami bahari peke yake. Hutazama angani pia. Akimwona ndege mkubwa mweupe, mwenye uso mweusi na kingo nyeusi za mbawa, akijitupa baharini kichwa mbele, anajua kuna samaki panzi au ngisi pale, na huenda jodari wanawafukuza kutoka chini.

Ndege huyo ni sula wa uso mweusi, *Sula dactylatra*. Mbawa zake zikitandazwa hufikia mita 1.6 hivi, na huweza kushuka kutoka kimo cha mita 30. Kwa kasi ile maji humpiga kwa nguvu, lakini mwili wake umeumbwa kuyahimili. Matundu ya pua yamezibika, naye hupumua kwa pembe za mdomo. Chini ya ngozi ya uso na kifua mna vifuko vya hewa vinavyopunguza kishindo. Macho yake huona mbele yote mawili kwa pamoja, hivyo hukadiria vyema umbali wa samaki. Anapokaribia maji hurudisha mbawa nyuma, akazama, na mara nyingi huibuka samaki keshamezwa.

Bingwa huyo akitua nchi kavu huwa mnyonge kabisa. Huzaliana Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo kisicho na miti kusini-mashariki ya Unguja. Hutaga ardhini, juani, kwa kawaida mayai mawili. Dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa siku 44 hivi, wakiyapa joto kwa utando wa miguu yao. Mayai hutagwa kwa kupishana siku kadhaa, na kinda wa kwanza humsukuma nje mdogo wake hadi afe, wazazi hawaamui. Inasikitisha kutazama, ila yai la pili ni akiba tu, la kwanza lisipoanguliwa. Basi jozi hulea kinda mmoja, naye huchukua takriban miezi minne kabla ya kuruka.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Mtu akikatiza katikati ya viota, wazazi hukurupuka, na kinda asiye na manyoya hufa kwa jua muda mfupi tu. Mayai ya kiota yakiokotwa, jozi huenda ikapoteza mtoto wake wa msimu mzima.

Manahodha na mabaharia, mkitia nanga Fungu Kizimkazi, tafadhali msipite penye viota, na mayai yaacheni yalipo.