Gharama ya mguu uliovunjika Tura

Mkulima wa tumbaku anayevunjika mfupa wa paja kwa ajali ya bodaboda karibu na Tura huingia sokoni bila kupenda. Kuanzia saa ile anahitaji usafiri, picha ya eksirei, kitanda, damu, mtaalamu wa usingizi, daktari bingwa wa mifupa na chuma cha kuushika mfupa. Kila kimoja kina bei yake na mmiliki wake, na vyote kwa pamoja havipo kijijini kwake. Tura iko wilaya ya Uyui, kwenye reli ya kati, zaidi ya kilomita 100 mashariki ya mji wa Tabora. Upasuaji wa mifupa umepiga hatua kubwa nchini katika miaka thelathini iliyopita, lakini anayeutazama kutoka Tura huona jambo ambalo Dar es Salaam halionekani vizuri: gharama inayomfilisi mgonjwa hutokana zaidi na muda unaopotea kati ya pale alipoangukia na meza ya upasuaji kuliko na chuma chenyewe.

Mtaji wa kwanza ni mwili

Uchumi wa ukanda huu umejengwa juu ya miguu na migongo ya watu tangu zamani. Katika karne ya 19 Tura ilikuwa makazi ya kwanza ya Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani, ikishamaliza kulivuka pori kame la Mgunda Mkali. Wavumbuzi Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa wiki nyingi kati ya Tabora na Bagamoyo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi wa misafara hiyo ulififia, ila riziki ya wengi ilibaki kutegemea nguvu za mwili. Tumbaku hulimwa, huchumwa na kubebwa kwa mikono. Asali ya miombo hurinwa juu ya miti. Kuni, maji na magunia ya mahindi husafiri kichwani, kwenye baiskeli au kwenye pikipiki.

Kwa hiyo mfupa ukivunjika, kaya inapoteza watu wawili mara moja: aliyeumia, na ndugu anayeacha shamba lake kwenda kumuuguza mjini. Ajali ikitokea msimu wa kupandikiza miche, hasara inafika hadi mavuno, na mkopo wa pembejeo unabaki palepale. Ng'ombe huuzwa, kisha baiskeli, kisha sehemu ya shamba.

Njia ile ya misafara imewahi pia kubeba ushahidi wa kile kinachompata mtu ambaye mfupa wake haukuunga. Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimvunja mmisionari David Livingstone mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mfupa huo haukushikana tena, na hakuweza kuuinua mkono vizuri kupita bega. Aliishi na ulemavu huo miaka 29, ikiwamo miezi aliyokaa Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1872. Alipofariki mwaka 1873, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. London, daktari wa upasuaji William Fergusson aliutambua mwili kwa mfupa ule ule ambao haukuunga. Livingstone alikuwa daktari mwenyewe, lakini upasuaji wa kutegemewa wa kuurekebisha mfupa kama huo haukuwapo katika zama zake. Mkulima wa Tura anaishi katika zama ambazo upasuaji huo upo na unajulikana vema.

Ngazi za soko la tiba

Ngazi ya kwanza kwa wengi ni fundi wa kuunga mifupa wa kijijini. Yuko karibu, anajulikana na ukoo, anakubali kuku au malipo ya baada ya mavuno, na hamtengi mgonjwa na watu wake. Mfupa uliopata ufa bila kuhama, hasa wa mtoto, mara nyingi huunga mikononi mwake, na sifa zake hutoka hapo. Hatari huja pale vijiti vinapokazwa mno juu ya mguu unaovimba. Damu hukosa kupita, nyama hufa, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa. Kidonda kinachoonyesha mfupa kikifungwa majani bila kuoshwa vizuri, vijidudu hujichimbia ndani ya mfupa na usaha unaweza kutoka kwa miaka.

Juu yake kuna zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, Tabora mjini. Hospitali za mashirika ya dini nazo zina nafasi kubwa katika soko hili: Nkinga, wilayani Igunga, hupokea rufaa kutoka mbali, na upande wa mashariki ya Tura iko Mtakatifu Gaspar ya Itigi, mkoani Singida. Zaidi ya hapo mgonjwa huelekea Bugando, Mwanza, au Benjamin Mkapa, Dodoma. Kileleni iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Marehemu Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa aliyepata kuwa waziri wa afya, ni miongoni mwa waliojenga fani hii nchini. Leo MOI hubadilisha nyonga na magoti na kufanya upasuaji wa mgongo, huduma ambazo zamani Mtanzania alizifuata India.

Ngazi hizi zina mantiki. Kasoro ni kwamba mgonjwa wa Tura huzipanda moja moja, na kila ngazi humla siku. Hukaa kwa fundi, akahamia zahanati, akasubiri gari la wagonjwa, akapigwa picha, akaandikiwa rufaa, na huko aendako akajiunga na foleni ya chumba cha upasuaji pamoja na akina mama wanaohitaji kujifungua kwa upasuaji, ambao kwa haki hutangulia.

Chuma na rafu yake

Msumari unaopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa ni kazi ya Mjerumani Gerhard Küntscher, aliyeutumia kwa mara ya kwanza Kiel mwaka 1939. Ulibadili tiba ya paja duniani, lakini kwa miongo mingi ulihitaji mashine ya eksirei inayomwonyesha daktari mfupa wakati anapasua, na mashine hiyo ni ghali kuinunua na ghali kuitunza. Mwaka 1999 daktari Mmarekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN katika jimbo la Washington. Msumari wa SIGN una kiongozi cha nje kinachomwelekeza daktari mahali pa kufunga skrubu, hivyo kazi hufanyika hata pasipo mashine ile. Shirika huzipa hospitali misumari bure. Daktari hutuma picha za wagonjwa aliowatibu, kisha akiba yake hujazwa tena. Muhimbili na hospitali nyingine nchini zimeutumia mpango huu kwa miaka mingi.

Mpango huo umeokoa miguu mingi, lakini mkoa hauwezi kuegemeza huduma yake yote kwenye msaada. Vyuma vingine hununuliwa, vingi vikitoka India na China, kupitia Bohari ya Dawa, MSD, yenye kanda yake Tabora, au kupitia waagizaji binafsi. Bidhaa hii ni ngumu kuitunza kuliko dawa. Misumari ina urefu na unene tofauti, na kila mmoja unahitaji skrubu zake na vifaa vyake vya kuuingizia. Hospitali lazima iweke seti nzima kwenye rafu ili kumtibu mtu mmoja, na mtaji hulala hapo. Kipimo kimoja kikikosekana, mgonjwa hubaki wodini, au ndugu zake hutumwa kukitafuta duka la mjini kwa bei ambayo hawana namna ya kuihoji.

Kitanda nacho kina bei

Njia ya zamani ya kutibu paja ni kumlaza mgonjwa na kuuvuta mguu wake kwa uzito kwa wiki 6 hadi 12. Huonekana rahisi kwa sababu hakuna chuma cha kununua. Utafiti wa Hospitali ya Thika, Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, ulijumlisha gharama zote na kukuta upasuaji una unafuu zaidi, kwa kuwa mgonjwa hukaa wodini siku chache. Hesabu hiyo inaihusu Tabora moja kwa moja. Kitanda kinachokaliwa miezi miwili na mtu mmoja kingeweza kuwahudumia wengine kadhaa, na yule aliyewekewa chuma huanza kujifunza kutembea kwa magongo mapema, kabla misuli na magoti yake hayajakakamaa.

Hata hivyo, chuma cha kisasa zaidi hakishindi kila mara. Watafiti wa Muhimbili na wenzao wa California waliwafuatilia wagonjwa waliovunjika muundi wakapata na kidonda, wakilinganisha msumari wa ndani na vyuma vinavyofungwa nje ya mguu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa kwa vifo na kurudiwa upasuaji, baada ya mwaka mmoja njia hizo hazikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Msumari ulinyoosha mguu vizuri zaidi na kumpa mgonjwa nafuu mapema. Kwa hospitali ya mkoa hii ni habari njema: kidonda kikisafishwa vizuri na kwa wakati, kuna zaidi ya njia moja ya kufika salama.

Na wakati ndio bidhaa ya bei nafuu kuliko zote katika mnyororo huu, ikinunuliwa mapema. Mtu mwenye mfupa uliotokeza nje anahitaji sindano ya antibiotiki katika saa za mwanzo, kinga ya pepopunda, kidonda kioshwe kwa maji safi mengi na kufunikwa, na mguu uegemezwe kwenye ubao usiobana. Hayo yote mganga wa zahanati anaweza kuyafanya Tura penyewe. Yasipofanyika, hospitali ya rufaa hulipia kwa upasuaji wa kurudia, na mgonjwa hulipia kwa miaka ya maisha yake.

Migongo na nyonga

Mahitaji hayaishii kwenye ajali za barabarani. Mrina asali anayeanguka mtini anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Namna anavyoinuliwa na kusafirishwa huamua kama uharibifu wa neva utaongezeka. Kifua kikuu cha mgongo hutafuna pingili polepole na kumpinda mtu, lakini kikigunduliwa mapema wengi hupona kwa dawa bila kisu. Na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na sikoseli, wanaokadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka. Ugonjwa huo huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, hata kijana akahitaji nyonga ya bandia katika umri wa kuanza maisha. Wagonjwa hawa ni wa MOI, Bugando na Benjamin Mkapa, lakini kipimo kinachowaokoa huanzia chini.

Nani anabeba hesabu

Katika ukanda huo wa Tura kunajengwa reli ya kisasa ya Makutupora hadi Tabora. Kibarua wa mradi akivunjika mguu kazini, anapaswa kulindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipia matibabu na kumfidia. Mkulima aliyevunjika mfupa huo huo, umbali mfupi kutoka hapo, hulipa taslimu, hukimbilia mchango wa ukoo, au huomba msamaha kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Aliyegongwa na chombo cha moto ana haki kwenye bima ya lazima ya chombo hicho, lakini lazima awe na fomu ya polisi PF3, kumbukumbu za ajali na uvumilivu, na bima ya pikipiki iwe hai. Wengi huachia njiani.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mtu wa Tura, kipimo cha sheria hiyo ni maswali mawili: je, kitita chake kinalipia chuma na upasuaji wa mfupa, na je, kinalipia gari la kumfikisha? Bima inayolipia kitanda na kuacha chuma humrudisha mgonjwa kwenye mchango wa ukoo.

Kuhusu gari, nchi tayari ina mfano wake. Mfumo wa m-mama humwezesha mjamzito mwenye dharura kupiga 115 bila malipo na kufuatwa na gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, anayelipwa na mfumo. Kuupanua ufikie majeruhi wa mifupa kungehitaji fedha na mafunzo ya kuinua mgonjwa wa mgongo, lakini madereva, simu na utaratibu wa malipo vimekwisha kujaribiwa. Barabara nayo ipo: kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4, kilizinduliwa mwaka 2022 na kukamilisha lami kati ya Tabora na Itigi. Lami hiyo huongeza mwendo, na mwendo huongeza majeruhi, hivyo barabara na huduma ya dharura zinapaswa kupangiwa bajeti pamoja.

Halmashauri, mkoa na wizara wanapoketi kugawa fedha, shilingi ya kwanza iende zahanati: antibiotiki, vibao vya kuegemeza mguu, na mafunzo ya siku chache, yakiwamo ya kuwaalika mafundi wa mifupa wa vijijini ili wamtambue mapema mgonjwa wasiyepaswa kumshika. Shilingi ya pili iende kwenye gari. Ya tatu ijaze rafu ya Kitete kwa seti kamili za vyuma, na iajiri wataalamu wa usingizi wa kutosha kwa zamu za usiku. Mgonjwa wa paja akiondoka Tura asubuhi na kupasuliwa Tabora ndani ya siku chache, kaya yake haiuzi shamba, na msimu unaofuata yeye mwenyewe yuko kwenye tuta la tumbaku.