SWICHI HAINA HURUMA: Nani huamua umeme ukatike saa ngapi?

Kamati za parokia zinapopanga mradi wa umeme kwa zahanati, shule au kisima, maswali ya kwanza huwa mawili: tunahitaji paneli ngapi, na gharama ni kiasi gani? Wahisani nao huuliza hayo hayo. Swali la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni hili: ni kitu gani kitakachoamua umeme uwake, uzimike, na kwa saa ngapi?

Swali hilo si la mafundi peke yao. Umeme ukipungua, lazima kitu fulani kizimwe. Kamati isipoamua mapema ni kipi, kifaa kidogo chenye ukubwa wa kiganja kitaamua badala yake. Nacho hakijui tofauti kati ya redio ya mlinzi na taa ya chumba cha kujifungulia.

Katika makala haya tunaeleza kwa lugha nyepesi vifaa vinavyowasha, kuzima na kupangia umeme muda: vilitoka wapi, vinafanyaje kazi, na kamati yenu ifanye nini.

Swichi ya ukutani na cheche yake

Swichi ni kama daraja. Daraja likishushwa, umeme hupita, likiinuliwa, hukatika. Lakini umeme haukubali kukatwa polepole. Ncha mbili za chuma zinapoachana taratibu, umeme huruka lile pengo dogo kwa cheche kali, na ncha huungua. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la swichi za mwanzo.

Mwaka 1884 Mwingereza John Henry Holmes, wa mji wa Newcastle, alibuni swichi yenye springi ndani. Kidole husukuma mpaka springi ifike mahali fulani, kisha yenyewe inafyatuka na kuachanisha ncha kwa kasi kubwa. Mlio ule wa "ta!" tunaousikia kila tunapozima taa ni kazi ya springi ya namna hiyo.

Jambo hili linatuhusu hata leo. Umeme wa gridi ni mkondo geu: hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa kila sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli za sola na betri ni mkondo mnyoofu. Wenyewe hautulii hata kidogo, na cheche yake ikishawaka huendelea. Kwa taa ndogo ya volti 12 madhara ni madogo. Lakini paneli zikiunganishwa mfululizo hadi kufikia volti mia na zaidi, swichi iliyotengenezwa kwa umeme wa gridi inaweza kuyeyuka na hata kuwasha moto. Fundi anapoleta swichi ya kukata umeme wa paneli, mwombeni awaonyeshe herufi DC na kiwango cha volti kilichoandikwa juu yake. Kama hakipo, ikataeni.

Rilei: mtoto anayefungua lango kubwa

Swichi ya Holmes bado ilihitaji kidole cha mtu. Kifaa cha kuondoa kidole kilikuwa kimekwisha kubuniwa miaka mingi kabla yake. Mwaka 1835 Joseph Henry, mwalimu wa sayansi huko Princeton, Marekani, alitumia waya uliozungushwa kwenye kipande cha chuma. Umeme kidogo ukipita katika waya, chuma hugeuka sumaku. Sumaku huvuta swichi nyingine, na hiyo huruhusu umeme mkubwa kupita. Kifaa hicho huitwa rilei, na kilisaidia sana kupeleka habari za simu ya maandishi mbali.

Umuhimu wa rilei ni kwamba ilitenganisha amri na nguvu. Anayetoa amri hahitaji kuwa na nguvu, kama mtoto anayebonyeza kitufe na lango kubwa likafunguka. Amri yaweza kutoka kwenye boya linaloelea ndani ya tangi la maji, nalo huzima pampu tangi likijaa. Yaweza kutoka kwenye saa au kwenye jicho linalohisi mwanga. Yaweza hata kutoka kwenye namba, na hapo ndipo tunapofika kwenye mita tunazozifahamu wote.

Mita inayohesabu dakika

Mita ya malipo ya kabla, iwe LUKU ya Tanzania, tokeni za Kenya au Yaka ya Uganda, ina swichi ndani inayosukumwa na sumaku ya umeme. Ukinunua umeme unapewa namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo ni barua iliyofungwa kwa siri, na mita yako ndiyo yenye ufunguo wa kuifungua. Mita inasoma idadi ya uniti, inaziongeza, kisha inaanza kuzipunguza kadiri unavyotumia. Zikifika sifuri, swichi inakata. Haiulizi kama ni saa nane ya usiku, wala kama kuna mama aliye katika uchungu.

Utaratibu huu wa namba ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Ndani ya kila namba mna pia saa, ili mtu asiingize namba moja mara mbili. Saa hiyo huhesabu dakika kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Lakini nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024.

Ndiyo sababu mwaka 2024 wateja wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi walitakiwa kuhuisha mita zao. Waliponunua umeme walipata namba za ziada: mbili za kubadili ufunguo wa mita, kisha namba ya umeme wenyewe. Mita ambayo haikuhuishwa kabla ya tarehe hiyo haikuzimika siku hiyo. Iliendelea kutumia uniti zilizokuwamo, kisha ikakataa namba mpya. Wengi walidhani ni hila ya kuongeza bei, kumbe ilikuwa ni saa iliyofika mwisho wa hesabu yake.

Tunalisimulia hili kwa sababu lina funzo kwa kamati. Kama jengo lenu lina mita ya akiba ambayo haijatumika kwa muda mrefu, kwa mfano katika nyumba ya mwalimu iliyofungwa, hakikisheni imehuishwa kabla hamjaihitaji. Aidha, hesabu mpya inaanzia mwaka 2014, kwa hiyo nayo itajaa mwaka 2045. Andikeni jambo hilo katika kitabu cha mali ya parokia. Watakaokuwa katika kamati mwaka huo watawashukuru.

Kontrola ya sola: mlinzi wa betri

Pale ambapo gridi haijafika, kazi ya kukata hufanywa na kontrola ya chaji, yaani kile kisanduku kilicho kati ya paneli na betri. Ndani yake aghalabu hamna rilei yenye sumaku, bali kuna transista. Transista ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, Marekani. Ni swichi isiyo na kitu kinachotembea, nayo yaweza kuwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde bila kuchakaa kama chuma kinavyochakaa.

Kontrola ina kazi mbili. Mchana huzuia betri isijazwe kupita kiasi. Usiku huzuia isimalizwe kabisa. Kwa betri ya risasi ya volti 12, volti zikishuka hadi karibu 11.5, kontrola nyingi hukata matumizi yote. Hazirudishi mpaka betri ipande tena hadi karibu volti 12.5. Pengo hilo limewekwa makusudi. Bila pengo, taa zingewaka na kuzimika mfululizo usiku kucha.

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Taa zikizimika usiku, mtu huona kontrola imeharibika, naye huunganisha waya moja kwa moja kwenye betri. Taa huwaka, na watu hufurahi. Lakini betri ya risasi inayomalizwa kabisa mara kwa mara hufa mapema sana, na mradi uliogharimu mamilioni hubaki paneli juu ya bati. Kontrola inayokata ni mlinzi aliyekuja kuwaambia kwamba matumizi yamezidi, na kuiruka ni kumfukuza mlinzi huyo.

Saa: kifaa cha bei ndogo kinachookoa betri

Tuchukue mfano wa zahanati yenye betri moja ya volti 12 na ukubwa wa saa-ampea 100. Betri hiyo ikijaa ina umeme wa saa-wati 1,200. Ili idumu, inashauriwa isitumike zaidi ya nusu, yaani saa-wati 600 kwa usiku.

Taa ya chumba cha kujifungulia ya wati 10, ikiwaka saa 12, hutumia saa-wati 120. Taa mbili za nje za wati 20 kila moja, zikiwaka saa 12, hutumia 480. Jumla ni 600, na hakuna kinachobaki. Siku ya mawingu ikitokea, kontrola itakata yote kabla ya alfajiri, na mkunga atabaki gizani kwa sababu ya taa za uani.

Sasa wekeni swichi ya saa kwenye taa za nje, ziwake saa moja hadi saa tano usiku. Zitatumia saa-wati 160 tu. Mmeokoa 320, ambazo zinatosha taa ya mkunga kwa usiku miwili na zaidi. Hamkununua paneli wala betri nyingine.

Kwetu karibu na ikweta swichi ya saa ina faida ya pekee. Katika Ulaya ya kaskazini saa ya kuzama kwa jua hubadilika kwa saa kadhaa kati ya majira, na mpangilio hubidi kufuata. Hapa kwetu tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Lakini chagueni swichi yenye betri ndogo ya akiba ndani. Ile isiyo na akiba husimama umeme ukikatika. Gridi ikipotea kwa saa 3, taa zitachelewa kuwaka kwa saa 3, na zitaendelea hivyo mpaka mtu airekebishe.

Saa nyingine ndogo imo katika kifaa cha kulinda friji. Umeme unaporudi baada ya kukatika, kifaa hicho husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Kinasubiri volti zitulie, na pia shinikizo la gesi ndani ya kompresa lishuke. Friji ikilazimishwa kuanza mara moja, mota yake yaweza kuungua. Kwa friji yenye chanjo, ambazo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, subira hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, aina ya kifaa ichaguliwe kwa kufuata maelekezo ya watengenezaji wa friji na ya ofisi ya afya ya wilaya.

Kamati ifanye nini?

1. *Pangeni madaraja.* Andikeni kila kinachotumia umeme, kisha mkigawe katika makundi matatu: kisichoruhusiwa kuzimika, kinachoweza kusubiri, na cha starehe. Mganga mfawidhi, mwalimu mkuu na mlinzi wawepo katika kikao hicho.

2. *Tenganisheni waya.* Kila kundi liwe na njia yake na swichi yake. Chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo visichangie njia moja na televisheni au chaji za simu. Ni rahisi zaidi kufanya hivyo wakati wa kujenga kuliko baadaye.

3. *Mteueni mtu.* Mtu mmoja awe na jukumu la kusoma uniti za mita kila Jumatatu, na mwingine amsaidie. Wekeni kiwango ambacho uniti zikikifikia lazima zinunuliwe, na mweka hazina awe na fedha ya dharura kwa ajili hiyo.

4. *Marufuku kuiruka kontrola.* Bandikeni tangazo karibu nayo. Ikikata usiku mara mbili kwa wiki, kamati ikutane kuangalia matumizi.

5. *Ziwekwe kwenye bajeti.* Swichi za DC, swichi za saa, vifaa vya kulinda friji na fyuzi ziandikwe kwa majina katika ombi la mradi, zisifichwe katika "mengineyo". Hizo ndizo hupunguzwa kwanza fedha zinapopungua.

Kwa wahisani wetu tuna neno moja. Paneli huonekana kwenye picha, kisanduku cha swichi hakionekani. Lakini mkipata ombi lenye orodha ya madaraja ya matumizi na fedha za swichi na saa, jueni kwamba kamati hiyo imefikiria usiku wa mawingu. Ombi la namna hiyo linastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko lile lenye paneli nyingi.

Kwa kamati zetu, tunaomba jambo hili liwe katika ajenda ya kikao chenu kijacho. Uamuzi wa kipi kizimwe kwanza si wa kifaa, ni wenu. Mkishauamua, swichi itawatii usiku wote.