Vinyago vya mpira: soko ni msimu wa ngoma

MWANZA: Mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuviuzia vikundi vya ngoma vinyago vya mpira ana soko la msimu. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana, na kila upande husaka kioja cha kuvuta watazamaji. Tamasha la Bulabo huko Bujora, Kisesa, kwa kawaida huangukia Juni.

Kazi huanza kwa sura ya udongo wa mfinyanzi, kisha kalibu ya jasi. Kalibu ikikauka kabisa, humiminwa utomvu wa mpira uliotiwa salfa; jasi hunyonya maji, mpira hushika ukutani. Unaobaki hurudishwa chomboni. Hapo ndipo penye faida, kwani kalibu moja hutoa vinyago vingi.

Tatizo ni malighafi. Mashamba ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yako mbali, na utomvu usiotiwa amonia huganda kabla ya kufika ziwani. Tena mpira huharibiwa na jua na mafuta. Anayelimbikiza mzigo akingojea msimu ujao ataumia. Heri kumimina kwa oda, malipo ya awali yakiwa mkononi.